Matumbawe na Wapangaji Wake

Leo twataka kunena juu ya kitu ambacho watu wa pwani hukikanyaga kila bamvua, na ambacho wageni wa kutoka bara hukiona katika kuta za nyumba za kale za Unguja na Lamu pasipo kujua asili yake. Kitu hicho ni tumbawe. Tutaanza na mabishano yaliyotupata, kwa kuwa ndiyo yaliyotufanya tuandike mazungumzo haya.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 tuliwachukua wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu hata kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, wapate kuona kwa macho yale waliyoyasoma vitabuni. Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa mbali. Tulipofika ukingoni mwa mwamba tulisimama kwa mshangao. Matumbawe tuliyoyajua kuwa ya rangi ya kahawia, na kijani, na zambarau, yalikuwa meupe pe, kana kwamba mtu amepita usiku na ndoo ya chokaa.

Karibu nasi palikuwa na mzee mvuvi akitafuta pweza. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu. Mmekuja kuzika?" Kisha akatueleza kwamba mwamba umekufa. Alipata kuuona hivyo mara moja zamani, mwaka wa joto kuu, 1998, na sehemu kubwa haikuinuka tena. Vijana wa kijiji walikuwa wamekwisha kupatana: wiki ile ile watakuja na mitaimbo, waubomoe, wachome tanuri la chokaa. "Kitu kilichokufa," akasema, "hakina haja ya kulindwa."

Tukamwambia, "Babu, twakuomba uwazuie vijana. Unaloliona hapa si maiti. Ni mtu mwenye njaa." Naye akatutazama kama mvuvi amtazamavyo mwalimu ambaye hajapata kutia ngalawa majini.

Basi, ili kueleza kwa nini tulithubutu kumbishia mzee katika kazi yake mwenyewe, hatuna budi kusema kwanza tumbawe ni nini. Wengi hudhani ni jiwe. Wengine, wakiona matawi yake, hudhani ni mti. Kwa kweli ni mji wa wanyama. Kila mnyama ni mdogo, aghalabu hapiti ukubwa wa punje ya mtama, naye ni mfano wa kifuko laini chenye mdomo mmoja, na mdomo huo umezungukwa na minyiri kama ya pweza. Chini yake hujijengea kikombe cha chokaa, na vikombe maelfu kwa maelfu vikiungana ndipo hupatikana lile jiwe tulionalo. Nyama yenyewe ni ngozi nyembamba tu juu ya jiwe. Kazi hiyo ya ujenzi huenda polepole mno. Tumbawe la duara, lile lifananalo na kichwa kikubwa, huongezeka kiasi cha sentimeta 1 kwa mwaka. Likiwa na kimo cha mtu, basi lilianza kabla babu za babu zetu hawajazaliwa.

Lakini mnyama huyu, kwa minyiri yake tu, hawezi kujipatia chakula cha kutosha kujenga mwamba. Maji ya bahari ya kwetu yaliyo safi na ya buluu ni maji maskini, hayana riziki nyingi. Siri yake ni kwamba anao wapangaji. Ndani ya mwili wake hukaa viumbe vya jamii ya mwani, vidogo hata havionekani ila kwa hadubini, na katika eneo dogo kama ukucha wa kidole wapo kwa mamia ya maelfu. Wao ndio wenye rangi ya kahawia. Wapangaji hawa hukamata mwanga wa jua, na kwa nguvu yake hupika sukari, kama jani la muhogo lifanyavyo shambani. Sehemu kubwa ya sukari hiyo, pengine tisa katika kumi, humpa mwenye nyumba. Naye huwapa makao, na hewa aitoayo pumzini, na takataka zake, ambazo kwao ni mbolea. Hapana apotezaye kitu.

Mwaka 1928 na 1929 wataalamu kutoka Uingereza, wakiongozwa na C. M. Yonge, walikaa katika visiwa vidogo viitwavyo Low Isles, kwenye mwamba mkubwa wa Australia. Waliyaweka matumbawe hai gizani kwa muda mrefu. Kwa kukosa mwanga wapangaji walitoweka, na matumbawe yakawa meupe, lakini yaliendelea kuishi maadamu yalilishwa. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba weupe na mauti si kitu kimoja. Tumbawe jeupe ni nyumba iliyohamwa, mwenyewe yumo bado.

Mbona basi yalikuwa meupe kule Tanga, wala hapakuwa na giza? Sababu ni joto. Maji ya pwani yetu hupata joto lake kuu mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Machi na Aprili, kabla kusi haijayapoza. Yakizidi joto la kawaida la majira hayo kwa digrii 1 tu, na ziada hiyo ikikaa majuma kadhaa, jiko la wapangaji huharibika. Badala ya sukari peke yake huanza kutoa sumu, na mwenye nyumba huwafukuza ili kujiponya. Rangi huondoka pamoja nao, na chokaa huonekana kupitia ngozi kama mfupa nyuma ya kioo. Tangu hapo tumbawe huishi kwa akiba. Maji yakipoa upesi, wapangaji wachache waliosalia huzaana na rangi hurudi katika majuma au miezi. Yakichelewa kupoa, hufa kwa njaa. Mwaka ule wa 2024 jambo hili lilionekana katika bahari nyingi za dunia kwa wakati mmoja, na pwani za Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwao.

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Mtu akisikia haya aweza kudhani kwamba tumbawe ni kitu dhaifu, kisichovumilia lolote. Si hivyo. Lile lisilovumilia ni mabadiliko ya ghafula, maana kila tumbawe limezoezwa na mahali pake, na wapangaji wake vilevile.

Tazameni kwanza habari ya mwanga. Mita 25 chini ya maji mwanga ni haba. Tumbawe la huko hujitandaza kama sinia, lisipoteze mwale hata mmoja, na wapangaji wake hujiongezea rangi ile ya kukamatia mwanga. Jamii ile ile ikiota juu, penye jua kali, hujikusanya nundu au kunyanyua matawi, na hutengeneza mwilini vitu vya kukinga miale, kama mtu ajifunikaye ukaya. Mkililetea juu ghafula tumbawe la kilindini, jua litaliunguza.

Au tazameni matope. Kaskazini ya Malindi mto Sabaki humwaga maji mekundu baharini, na upepo wa kaskazi huyasukuma kusini hata juu ya miamba ya Malindi, iliyowekwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1968. Mwenye kuzoea maji safi angesongwa na udongo huo. Lakini yako matumbawe yanayojua kujisafisha. Hutoa ute, huunasa udongo, kisha huusukuma pembeni kidogo kidogo kama mwanamke afagiaye ua.

Na habari ya joto ni ya ajabu zaidi. Kila aliyepita mwambani wakati wa maji kupwa amekanyaga vidimbwi ambamo maji yamefungiwa, nayo saa sita ya mchana huwa moto. Humo pia mna matumbawe. Katika kisiwa cha Ofu, Samoa ya Marekani, katika Bahari ya Pasifiki, viko vidimbwi viwili jirani, kimoja cha moto sana na kimoja cha wastani. Wataalamu walihamisha matumbawe ya jamii moja kutoka kidimbwi hiki kwenda kile. Mwaka 2014 walitangaza kwamba yale yaliyotoka penye wastani yalijifunza kustahimili joto katika muda wa mwaka mmoja au miwili, ila hayakuwafikia wenyeji wa hapo. Walipata kiasi cha nusu. Nusu iliyobaki haifundishiki. Ni urithi wa vizazi vingi, waliozaliwa dhaifu wakiisha kufa na wenye nguvu wakibaki.

Hayo ni ya mwenye nyumba. Na mpangaji je? Zamani wataalamu walidhani kwamba wapangaji wote wa matumbawe yote duniani ni wa aina moja, kwa sababu katika hadubini hufanana kama tembe za mchele. Walipojifunza kuwapambanua kwa vinasaba, waliona kwamba ni mataifa mengi, na mwaka 2018 waliwagawa rasmi katika jamii mbalimbali zenye majina yake. Jamii moja yaitwa Cladocopium, na wengi wao ni walipaji wema, watoao sukari nyingi. Nyingine yaitwa Durusdinium, na jina hilo latokana na neno la Kilatini maana yake "gumu". Hao huvumilia joto kuliko wenzao. Matumbawe mengi, yakiwa bado machanga yanayoelea, hayana mpangaji hata mmoja. Huokota wale yanaowakuta mahali yatuapo. Machache huwarithisha watoto wapangaji ndani ya yai. Na tumbawe moja laweza kuwa na aina mbili pamoja, moja ikiwa nyingi na nyingine kidogo, imejificha kama mbegu ya akiba darini.

Australia walilijaribu jambo hili. Walichukua matumbawe ya sehemu ya baridi wakayapanda Magnetic Island, penye joto zaidi. Yaligeuka meupe. Mengine yalikufa, lakini baadhi ya yale yaliyopona yalipata rangi tena, na walipoyapima waliona wapangaji wamebadilika. Walio wengi sasa walikuwa wale wagumu. Tumbawe la namna hiyo, kama walivyoandika mwaka 2006, liliongeza uvumilivu wake kwa digrii 1 hata 1 na nusu.

Na hapa kwetu? Baada ya joto la 1998, lililoua matumbawe mengi mno katika pwani ya Afrika Mashariki, wataalamu walipima miamba ya Kenya na kuilinganisha na ya Mauritius, ambako joto lile halikuuma sana. Mwaka 2004 walieleza kwamba wapangaji wagumu walikuwa wengi zaidi Kenya. Mwamba uliopigwa ulikuwa umeajiri walinzi wapya. Lakini msifurahi upesi. Mpangaji mgumu hulipa kodi ndogo. Tumbawe lililo naye hupata sukari kidogo, hukua polepole, na kwa kawaida hali ikitengemaa yule wa zamani hurudi. Sisi katika jambo hili twaona haki ya namna fulani, maana hakuna apewaye ngao bila kubeba uzito wake.

Mfano ulio mkuu kuliko yote hauko mbali nasi kwa historia. Wazee wetu walikuwa wakiyapokea kila mwaka majahazi na mabumu yaliyoletwa na kaskazi kutoka Uarabuni, na mengine yalitoka Ghuba ya Uajemi. Bahari hiyo ni ya shida. Wakati wa kiangazi maji ya pwani ya Abu Dhabi hufikia digrii 34, 35, hata 36; wakati wa baridi hushuka chini ya 20. Chumvi yake hupita sehemu 40 katika elfu, na yetu ni 35 hivi. Maji ya joto lile yakikaa juma chache juu ya mwamba wa Tanga au wa Mafia, sidhani kama lingesalia tumbawe la kuhadithia. Walakini kule yamo, yakiwa hai.

Siri yake ilitangazwa mwaka 2015. Matumbawe ya huko mengi yana mpangaji wake mahsusi, wa jamii ya Cladocopium, akapewa jina la thermophilum, yaani mpenda joto. Wataalamu wakajiuliza alitoka wapi, kwa kuwa Ghuba ile ni bahari changa. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, ilikuwa nchi kavu, na bahari ilipata kimo chake cha sasa yapata miaka 6,000 iliyopita. Jibu walilipata baada ya kutafuta nje ya Ghuba. Yule mpangaji yuko pia katika maji ya jirani, lakini huko ni mchache sana, hajulikani na mtu. Bahari ilipoingia Ghuba, yeye aliyekuwa mnyonge kati ya wengi ndiye aliyefaa, akaenea.

Wanafunzi wetu waliposikia habari hii walisema kwa pamoja, "Basi, Mwalimu, na tuwalete hao Tanga!" Ni wazo jema, na watu wazima wenye elimu kubwa wamepata kuliwaza. Lakini matumbawe ya Ghuba yalipowekwa katika maji ya chumvi ya kawaida, kama haya yetu, ule uvumilivu wao wa joto ulipungua. Silaha yao ilifuliwa kwa moto wa kwao na chumvi ya kwao pamoja, na ukiitenga moja, nyingine haikati. Hata nyumbani kwao wana mpaka. Mwaka 2017 joto lilizidi hata kipimo cha Ghuba, na katika miamba ya Abu Dhabi karibu thuluthi mbili ya matumbawe yakafa. Kujizoeza kuna kikomo, na kunataka wakati. Vizazi elfu vilifanya kazi ile, nasi twataka ifanyike kati ya kaskazi moja na nyingine.

Kwa hiyo hakuna wa kumtegemea kutoka ng'ambo. Ikiwa mwamba wa Tanga utapona, utaponywa na yale matumbawe ya Tanga yaliyosalia, yale yaliyopita katika moto wa 1998, na wa miaka iliyofuata, na wa 2024. Ndiyo yenye mbegu ya wapangaji wafaao kwa maji haya, na matope haya, na jua hili. Na bahati mbaya, ndiyo yale yale ambayo mtu, akiyaona meupe, huyapiga mtaimbo.

Haya yote hatukuyasema siku ile mwambani, maana maji yalikuwa yakijaa. Tulimwambia mzee machache, kisha tukamwomba miezi mitano. Akauliza, "Kwa nini mitano?" Tukasema, "Mpaka kusi ipoze maji, tuone nani amekufa kweli." Akacheka, akasema kwamba vijana si wake peke yake, ila atanena nao. Kabla ya kuondoka tulichagua matumbawe kumi, tukafunga kamba ya nailoni kwenye mawe ya kando yake kuwa alama, na wanafunzi wakayachora katika daftari.

Tuliporudi mwezi wa Septemba, bahari ilikuwa imepoa na upepo wa kusi ulikuwa ukitupiga usoni. Vijana walikuwa wamengoja, si wote. Upande wa magharibi wa mwamba walikuwa wamekwisha kuvunja kabla mzee hajawahi kusema nao, na pale palikuwa na kifusi tu, na mawimbi yakikisogeza huku na huku. Hapakuwa na cha kuhesabu. Upande wa pili tuliziona alama zetu. Katika yale kumi, matatu yalikuwa yamekufa, yamevikwa mwani wa kijani kama jiwe la kisimani. Mawili yalikuwa na rangi upande mmoja, upande wa pili yamekufa. Matano yalikuwa ya kahawia tena.

Mzee alikuwa pamoja nasi. Alichuchumaa juu ya moja la yale matano, akaliangalia kitambo, akiyasogeza maji kwa kiganja ili aone vizuri. Kisha akatuuliza, "Mwalimu, hawa waliorudi ni wapangaji wale wale, ama ni wengine?"

Tukamjibu kwamba kwa macho hakuna awezaye kujua, wala kwa hadubini ya chuo chetu, kwa maana hufanana. Ingelazimu kipande kidogo kipelekwe mahali penye vyombo vya kupima vinasaba. Akaitikia kwa kichwa, akaokota mkuki wake wa pweza, akaenda zake ukingoni kabla maji hayajajaa.